Bahasha ya Nje

Jumatatu, tarehe 27 Mei 2024, saa nne na kitu asubuhi, nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda cha mwanamke mgonjwa huko Alexandra, mtaa wa Johannesburg, nikiandika jina lake kwa herufi kubwa juu ya bahasha. Niliandika bila haraka, kwa mwandiko wa ubaoni, ili asitokee mtu wa kulisoma vibaya. Kabla ya adhuhuri jina hilo lilisomwa kwa sauti barabarani, silabi kwa silabi, na mwanamume aliyeshika shoka.

Katika nchi hii, mgonjwa asiyeweza kufika kituoni huomba kupigia kura nyumbani. Siku chache kabla ya uchaguzi, maofisa wawili wa muda humfuata, hukipitisha kitambulisho chake kwenye mashine ndogo, humpaka wino kidoleni, humpa karatasi zake, kisha humgeuzia mgongo. Akimaliza, karatasi huingia katika bahasha isiyoandikwa kitu. Hiyo hufungwa na kutiwa ndani ya bahasha ya pili, na juu ya hiyo ya pili huandikwa jina lake, namba ya kitambulisho na namba ya kituo chake. Wakati wa kuhesabu, bahasha ya nje hulinganishwa na orodha na kuondolewa, na ile ya ndani huchanganywa na nyingine, pasiwepo wa kujua nani alichagua nini. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo katika chaguzi kadhaa na niliuona utaratibu wenyewe kuwa wa heshima. Hata leo naona aliyeubuni alifikiri vizuri. Alidhani tu kwamba njia kati ya kitanda na kituo ni salama.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilizaliwa Tanga, nikaja Johannesburg kusoma chuo kikuu, nikaolewa hapa, nikapata uraia hapa, na mume wangu amezikwa hapa. Mwenzangu wa siku hiyo alikuwa mzaliwa wa Alexandra, fundi wa lifti katika majengo ya Marshalltown, mtu wa umri wangu, mpole, mwenye mazoea ya kuimba chini kwa chini anapoendesha gari. Alianza kuniita dada tangu tulipokabidhiwa mfuko. Ulikuwa mfuko wa turubai, wa kubeba begani, na ndani yake tayari mlikuwa na bahasha za wagonjwa wengine tuliowapitia asubuhi ile.

Mwanamke huyu wa mwisho aliishi katika chumba cha matofali nyuma ya nyumba ya mwenye kiwanja. Dirisha lake lilitazama kichochoro. Nilipiga hodi, nikaingia nikiwa nimeinama.

"Shikamoo, bibi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bibi ya nani? Bwana yangu alikufa zamani. Niite mama. Na hiyo shikamoo yenu ya Tanzania, sisi ba Lubumbashi hatuijuagi kuijibu."

"Sema marahaba, mama, yatosha."

"Marahaba basi. Mumenikawisha. Mi niko tayari tangu kunapambazuka."

Alikuwa tayari kweli. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe, hereni, na kilemba kilichofungwa kwa ustadi, na chini ya kiuno shuka lilifunika mguu mmoja tu, kwa kuwa ule mwingine ulikatwa juu ya goti kwa sababu ya kisukari. Alikuwa fundi cherehani. Mwezi Mei mwaka 2008, mashambulizi yalipoanza hapo hapo Alexandra, walikitupa cherehani chake cha kwanza motoni, na yeye akalala katika uwanja wa polisi pamoja na mamia ya watu. Baadaye alirudi mtaa ule ule, kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu na wateja walimfahamu. Uraia aliupata uzeeni, baada ya miaka ya foleni. Alikuwa hajawahi kupiga kura, si Kongo wala hapa. Hilo alituambia mara mbili, mara ya pili akimwangalia mwenzangu ambaye hakuelewa Kiswahili, mpaka nikamfasiria.

"Mwambie gogo nami nina furaha kuiona ya kwanza," akasema mwenzangu, kwa kumwita bibi kwa Kizulu.

Tulimgeuzia mgongo. Alikawia sana. Mjukuu wake, msichana anayesuka nywele za watu kwa riziki yake, alisimama mlangoni akicheza na simu. Alizaliwa hapa, alielewa kila neno la bibi yake na alimjibu kila neno kwa Kizulu.

Nilipomaliza kuandika bahasha ya nje na kuifunga, nilinyoosha mkono niitie mfukoni. Mama akaishika kifuani.

"Sasa tuombe."

"Mama, hakuna anayekataza. Lakini tufanye kwa kifupi."

"Kifupi ni ya bale benye kuchagua kila siku."

Mwenzangu akavua kofia. Mama akaiinua bahasha kwa mikono miwili na kuomba kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyeimba kwaya maisha yake yote, sauti iliyozoea kujaza kanisa lisilo na kipaza sauti. Alimwambia Mungu kwamba serikali haikupata kumwuliza kitu hata siku moya, na leo imemwuliza. Aliomba jibu lake lisipotee mu njia. Mjukuu alivuka chumba na kuvuta dirisha, lakini dirisha lilikuwa bovu, halikufunga.

"Gogo, punguza sauti," akasema kwa Kizulu. "Wale wa pale nje wanasikia."

"Basikie. Mungu naye anasikia."

Nami, Mwislamu, niliitikia Amina kwa sauti kila aliponyamaza. Nililelewa hivyo. Dua ya mtu mzima haikatizwi, na anayeinong'oneza Amina yake huonekana hataki kilichoombwa kitimie. Sikufikiri kwamba katika kichochoro kile, wiki ile, lugha yetu ilikuwa kama moshi unaotoka dirishani: kila apitaye angejua ndani mna moto.

Wanaume waliokuwa nje walikaa mbele ya spaza iliyofungwa. Duka hilo dogo lilikuwa la Mwethiopia mmoja. Alifukuzwa siku chache kabla, na mlango wake wa bati ulikuwa umepindwa kama kifuniko cha kopo. Tulipotoka walisimama. Aliyewatangulia alivaa koti safi, na shoka lake la mpini mfupi alilibeba kama mtu anayebeba gazeti.

"Mle ndani mlikuwa mkiimba nini?" akamwuliza mwenzangu.

"Kazi ya uchaguzi, ndugu zangu. Tunapita."

"Uchaguzi wa nchi gani?"

Wakacheka. Hawakutuzuia. Tuliingia garini, gari jeupe lenye karatasi ya ofisi ya uchaguzi mlangoni, na mwenzangu hakuimba. Kwenye kona, kabla ya kufika barabara ya lami yenye robot, yaani taa za kuongozea magari, tulikuta friji bovu limelazwa katikati ya njia. Alitazama kioo cha nyuma, akawaona wanakuja mbio, akasema, "Eish, dada. Fumbata mfuko."

Shoka lilipiga kioo cha mbele upande wake. Kioo hakikupasuka mara moja. Kiligeuka cheupe, kikalegea, kisha kikatuangukia mapajani. Mikono iliingia. Walimvuta mwenzangu kupitia dirisha la mlango lililokuwa wazi, kwa shingo na kwa mkanda wa suruali, na miguu yake ikagonga usukani akitoka. Walimwita impimpi, neno walilokuwa wakiitwa wasaliti waliouza wenzao kwa polisi wa enzi ya ubaguzi wa rangi, neno ambalo watu walichomwa moto kwa ajili yake. Alikuwa akijaribu kuwatajia mtaa aliozaliwa. Mmoja alimpiga usoni kwa chuma. Mlio wa chuma juu ya mfupa wa uso ni mfupi na mkavu, na mtu aliyeusikia mara moja huusikia tena katika vitu visivyohusika kabisa, mlango wa kabati, kikombe kinachowekwa mezani. Alianguka kwa magoti. Walimpiga tena akiwa amepiga magoti, na tena alipolala.

Mimi walinifungulia mlango kwa adabu. Yule wa shoka alikunja mkono na kunionyesha kiwiko.

"Mama, hiki kinaitwaje?"

Wote waishio mji huu wenye sura au lafudhi kama yangu wanalijua swali hilo. Watu wameuawa kwa kutojua neno hilo la Kizulu.

"Indololwane," nikasema.

"Umejifunza vizuri. Nani alikufundisha, yule unayelala naye?"

"Yule niliyemzika."

Walicheka tena, mmoja akanipiga kofi lililonipeleka ubavuni mwa gari. Nilibaki nimeufumbata mfuko.

"Hatutaki fujo," akasema yule wa shoka, kana kwamba mtu aliyelala kwenye vumbi nyuma yake hakuwa fujo. "Tunataka kusoma majina. Wakiwa watu wa hapa, mtaondoka na bahasha zenu. Tumesikia makwerekwere, wageni hawa, wanapigishwa kura vitandani, na wewe ndiye unayewapigisha."

"Ni raia. Wote ni raia."

"Basi kuna ubaya gani tukisoma?"

Bahasha ya ndani haikuwa na neno, na chaguo la kila mgonjwa lilikuwa salama humo. Lakini kwa jinsi tulivyoagizwa kuandika ile ya nje, kila niliyemtembelea alikuwa amelala mfukoni mwangu na jina lake juu, na jina hutosha kabisa kumwambia mtu wa aina hii aende nyumba ipi. Nilifumbata mfuko zaidi. Rungu lilinishukia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nikaona vidole vikifunguka vyenyewe, kama si vyangu. Mtu mwingine alipasua turubai kwa kisu kutoka juu hadi chini. Bahasha zilimwagika.

Nilizilalia. Sijui neno jingine la kueleza nilichofanya. Mwanamke wa makamo, mwalimu, nilijitupa kifudifudi juu ya karatasi barabarani na kuzikusanya chini ya tumbo kwa mkono mmoja mzima. Walinipiga mateke ubavuni na mgongoni. Mmoja alinikanyaga nywele ili kichwa kisiinuke. Nilisikia ubavu ukivunjika, nikasikia pia mtu akihema kwa juhudi, kama afanyaye kazi ya kuchimba. Kisha mkono ukapenya chini ya bega langu, ukachomoa bahasha moja.

Yule wa shoka akalisoma jina la mama. Alilisoma polepole, kwa lafudhi yake, na kila silabi ya Kikongo ilichekwa. Kisha aliichana bahasha ya nje juu kwa juu, akakitia mfukoni kipande chenye jina na namba, na mabaki, pamoja na bahasha ya ndani isiyoguswa, akanitupia usoni.

"Asante, mama," akasema. "Umetuandikia mwenyewe. Mwandiko mzuri."

Hakuna aliyetuokoa kwa makusudi. Teksi, daladala za hapa, zilikuwa zimekwama upande wa pili wa friji, na madereva walishuka na hasira zao wenyewe, mmoja wao akiwa na bastola, kwa sababu njia imefungwa na abiria wanachelewa. Mtu hagombani na madereva wa teksi wa mji huu. Kundi lilirudi kichochoroni bila kukimbia, na madereva wakalisukuma friji kando. Dereva mmoja alinisaidia kumlaza mwenzangu kiti cha nyuma, akaniambia nisisimame popote, hata taa ikiwa nyekundu. Simu yangu ilikuwa imekanyagwa. Niliendesha kwa mkono wa kushoto bila kioo cha mbele, upepo wa Mei ukinikata macho, na nyuma yangu mtu aliyekuwa akiimba asubuhi akipumua kupitia damu.

Kituo chetu kilikuwa shule. Kitu cha kwanza nilichokisema ni kwamba mama yule aonywe. Mkuu wa kituo, mwanamke makini aliye mdogo kwangu, alipiga namba iliyokuwa kwenye maombi yake; simu ililia bila kupokewa. Aliita polisi, akaita gari la wagonjwa, akanifunga mkono kwa kitambaa na rula. Kisha, kwa kuwa kazi ilimtaka, akazihesabu bahasha. Zote zilikuwa zimechafuka na zilikuwa nzima, isipokuwa moja.

"Namba yake iko wapi?"

"Imechanwa. Lakini ni yake. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Mama, hii siwezi kuiingiza. Isiyo na jina haifunguliwi."

"Mashine inaonyesha tulikuwa kwake."

"Inaonyesha amepiga kura. Haionyeshi kwamba ni kwa bahasha hii."

"Basi kesho apelekewe karatasi nyingine."

"Mashine inasema amekwisha kupiga," akasema kwa sauti ya chini. "Hawezi kupiga mara mbili."

Hakuwa mkatili. Alikuwa amesema kweli, na kanuni aliyoilinda ndiyo inayomzuia mwizi kupiga kura mara kumi. Aliitia bahasha iliyochanika ndani ya nyingine, akaandika juu yake maelezo ya tukio, tukatia saini sote wawili, mimi kwa mkono wa kushoto nisioandikia. Mama yule alikuwa ameandikwa kuwa amepiga kura, na kura yake ilikuwa imewekwa kando.

Yaliyompata nyumbani nilisimuliwa na mjukuu wake, siku iliyofuata, hospitalini, naye akiwa na nyuzi za mshono kutoka sikioni hadi kidevuni. Simu haikupokewa kwa sababu ilikuwa kwenye chaji kwa jirani. Walikuja na kile kipande cha karatasi mkononi, wakiita jina lake kama watu wa kupeleka mizigo. Waliuvunja mlango. Msichana alisimama mbele yao akawajibu kwa Kizulu chao, matusi kwa matusi, na kwa hilo wakampasua uso kwa chupa. Walimburuta bibi pamoja na godoro hadi uani. Walimwuliza amechagua chama gani. Aliwaambia, kwa Kizulu kibovu, kwamba alichagua, basi. Wakachukua gongo lake la kutembelea na kumpiga nalo mpaka mfupa wa bega ukavunjika. Cherehani walikimwagia mafuta ya taa, wakakiwasha, na moto ukakishika chumba. Majirani waliokuwa wamempelekea sketi za sare za watoto wao walitazama kutoka madirishani, na mmoja wao, mwanamke anayefua nguo za watu, ndiye hatimaye aliyetoka na ndoo ya maji, akamwaga motoni, akasimama pale pale na ndoo tupu akiwatukana mpaka wakaondoka. Polisi walifika kukiwa na majivu.

Mwenzangu alipoteza jicho la kushoto. Nilipomtembelea alinizuia kulia. "Dada, lifti haiangaliwi," akasema. "Lifti husikilizwa." Kisha akageukia ukuta.

Mama walimhamishia mtaa wa Yeoville, kwa dada wa kanisani, ghorofa ya juu ambayo bila mguu hawezi kushuka. Nilikwenda mkono ukiwa bado kwenye plasta. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, au kwa msamaha, na nimejipangia maneno ya kila moja. Hakunipa nafasi ya kuyatumia.

"Kura yangu iliingia?"

"Sijui, mama. Iliwekwa kando. Matokeo yametangazwa, na mimi sijaambiwa."

"Ni weye uliibeba."

"Ndiyo."

"Basi uulize. Mi banipige, banichomee machine, hiyo ninaijua tangu zamani. Lakini ile karatasi nataka kujua ilifika wapi."

Nilimwambia nitaandika. Alitaka niandike pale pale, mbele yake, nimsomee. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nilimsomea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, na mahali pawili alinirudisha niseme kwa ukali zaidi. Naiweka hapa kama nilivyomsomea. Niliipeleka ofisi ya uchaguzi ya jimbo katikati ya Julai.

"Kwa Mkuu wa Ofisi,

Mimi ni mmoja wa maofisa wa muda walioshambuliwa Alexandra wakati wa kura za nyumbani. Taarifa ya tukio mnayo, kwa hiyo siirudii. Naandika kuhusu bahasha.

Jina la mgonjwa lisiandikwe tena juu ya bahasha ya nje. Iwekwe namba ambayo kituo peke yake kinaweza kuilinganisha na orodha, na namba hiyo iwe pia juu ya bahasha ya ndani mpaka ithibitishwe, kwenye kipande kinachochanika, ili bahasha ya nje ikiharibiwa na mtu mwingine, mpiga kura asipotee pamoja nayo. Mnaweza kupata njia bora kuliko hii. Mimi nataka tu mtu atakayenyang'anywa mfuko kesho asiwe amebeba anwani za watu wa kupigwa.

Kura inayoharibiwa njiani, kukiwa na mashahidi na saini, ipewe nafasi ya kurudiwa kabla vituo havijafungwa. Mashine iwe na mahali pa kuandika kwamba kura ilichukuliwa lakini haikufika. Leo haina mahali hapo, na kwa hiyo imeandika jambo lisilo kweli juu ya raia mmoja. Pia maofisa wasitumwe katika mitaa ambamo maduka yamevunjwa wiki hiyo hiyo bila ulinzi, na pasipo na ulinzi mgonjwa aambiwe mapema, achague mwenyewe kama tuje.

Mwisho ni swali, na ndilo lililonifanya niandike. Bahasha iliyochanika tuliyoitia saini siku ile ilifunguliwa? Kura iliyokuwamo ilihesabiwa? Mwenye kura mwenyewe ndiye anayeuliza. Jibu lenu, liwe ndiyo au hapana, naomba apelekewe yeye, na lipelekwe na mtu kwa mkono, kwa sababu anwani mliyonayo imeungua."